Koleo la Nywele na Mkamwana Nisiyeruhusiwa Kumwona

Hakuna kichwa cha mwanadamu kinachoweza kunishtua. Nimeshika nywele kuanzia Mwaya mpaka Ipinda: za Mzungu, laini kama ndevu za hindi bichi, na za mke wa askari wa Tabora, zilizobana kama zulia. Ndani yake nimekuta chawa, sindano, majani ya chai, na mara moja sarafu ya hela kumi, ile ya Wajerumani yenye tundu katikati, ambayo mwenyewe alikuwa akimshutumu mumewe kwamba kaiba. Kwa hiyo ninyi vijana wawili mnaofanya kazi hii sasa, wewe wa Mwaya na mwenzako wa Ndandalo, mliponiomba niwaandikie niliyoyaona, mlibisha hodi penyewe. Herufi nilizisoma misimu miwili tu ya mvua kwa mwalimu wa misheni, nikaacha baada ya kuona hana mengi mapya ya kuniambia. Yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe, kama kila kitu nilicho nacho.

Sitawaeleza nilipandaje katika kazi wala nilikuwa nalipwa nini. Nitawaeleza chuma.

Nilianza kwa dobi. Afisa mmoja wa Kijerumani pale Mwaya alikuwa na dobi kutoka Pangani, Fundi Shomari, mtu mfupi mwenye kanzu nyeupe kuliko matope ya Mwaya yanavyoruhusu. Kazi yangu mimi ilikuwa kupuliza mkaa wa pasi. Asubuhi moja bibi wa nyumba alitoka barazani na kisanduku cha bati, akatoa makoleo mawili: moja la mviringo kama mpini wa kijiko, la pili bapa kama mdomo wa bata. Akaonyesha mkaa, akaonyesha kichwa chake. Unyevu wa ziwa ulikuwa umemvuruga; nywele zilimsimama pande zote kama mtu aliyefukuzwa na nyuki.

"Kunyoosha," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kifupi lakini kilitosha.

Niliona kazi rahisi. Chuma na moto, kuna nini tena? Nikalilaza lile bapa kwenye mkaa, nikapuliza kwa nguvu zangu zote mpaka likaiva jekundu kama pilipili, nikainuka nalo kuelekea kichwani kwa Bibi. Fundi Shomari alinidaka shati kwa nyuma, akaninyang'anya koleo, akalichovya kwenye ndoo. Lilipiga ukelele hata Bibi mwenyewe akaruka.

"Wee Gwakisa," akaniambia, "unakwenda kumpiga chapa kama ng'ombe?"

"Amesema kunyoosha, Fundi."

"Kunyoosha, siyo kubanika. Jekundu ni la mhunzi. La kwetu halina rangi."

Lishikeni hilo. Koleo la nywele likishaonyesha rangi yoyote, mmechelewa, lirudisheni chini mkanywe uji kwanza.

Sasa, madobi wote hupima pasi kwa mate, na Shomari akalipima koleo vivyo hivyo: akalitemea kidogo, likasema *tss*, akaridhika. Bibi alikuwa ameona. Sijapata kusikia Kijerumani kingi namna ile kwa mkupuo mmoja. Tangu siku hiyo mate yakapigwa marufuku, na mimi, siyo Shomari, ingawa yeye husimulia tofauti, nikavumbua jani. Chukua jani la mgomba lililokaukia mtini lenyewe, lile la rangi ya khaki. Libane kwa koleo, vuta pumzi mbili, achia. Likitoka limeungua au linanuka moshi, tikisa koleo hewani, ngoja, bana mahali pengine. Likitoka na rangi yake ileile ila mikunjo imenyooka, hapo ndipo penye nywele. Jani bichi msilitumie. Lina maji, litawadanganya.

Nywele zenyewe ziwe kavu. Kavu kabisa. Ukibana nywele mbichi utasikia zinachemka kwa ndani, na kesho ncha zitapasuka kama ufagio wa mwaka juzi. Mafuta nayo kabla ya moto ni kukaanga. Ngoja umalize, ndipo tone moja la mafuta ya nyonyo ulisugue viganjani mpaka vibaki kung'aa tu, na huo mng'ao ndio uupitishe kichwani. Twaa fungu jembamba, upana wa kidole. Chanuo litangulie, koleo lifuate nyuma yake kutoka shinani kwenda nchani, safari moja, mkono usitulie popote. Mkono ukitulia, hapohapo ndipo nywele zitakapokatikia, hata kama jani lilisema sawa. Na kichwa kilichopigwa moto leo kipumzike wiki mbili. Mteja atawaambia ana wageni kesho. Wageni waje.

Bibi alipoondoka na mumewe, kisanduku kiliondoka naye, nikabaki na ufundi bila chombo. Mwingine angerudi kupuliza mkaa. Mimi nilikwenda Matema, wanakoshuka Wakinga na majembe yao kutoka milimani, nikamtafuta mhunzi mmoja mzee, nikamwonyesha kwa vidole ninachotaka.

"Cha kung'olea meno?" akauliza.

"Cha nywele, tata, baba yangu."

"Kwani nywele zinang'olewa?"

"Zinanyooshwa."

Akanitazama kichwani; nilikuwa nimenyoa upara. "Zimekukosea nini?" akasema.

Koleo la kwanza alilonifulia ungeweza kulimia nalo. Mteja alipinda shingo kabla sijaanza, na chuma chenyewe kilikaa na moto mpaka nimemaliza nywele, nimekula, nimelala kidogo. La pili lilikuwa jembamba mno. Linapoa njiani kati ya jiko na kichwa, unalazimika kupita mara tatu mahali pamoja, na kupita mara tatu ndiko kunakoua nywele. La tatu ndilo. Unene wa bapa la kisu kizuri, upana wa vidole viwili. Mkichagua lenu, lifumbeni mlielekeze juani: mkiona mwanga kati ya midomo yake, mrudishieni mwenyewe. Kisha pitisheni uzi wa pamba ndani. Ukinasa, pana mkwaruzo, na panaponasa uzi patanasa nywele. Pasugueni kwa mchanga mwembamba wa ziwani mpaka uzi uteleze. Mpini uwe wa mti. Wa chuma mtaushika mara moja tu.

Katika kesi ngumu nitataja moja. Mke wa karani mmoja alikuja nimnyooshe, nikamnyoosha, zikamlala mpaka shingoni. Nikamkataza kupaka kitu. Akafika nyumbani akapaka samli. Samli! Kisha akatoka kwenda ufukweni ili aonekane. Kungu mnawajua, wale vijidudu wanaoinuka ziwani kama moshi wa moto mkubwa, ambao tunawakanda mikate ya kula. Wingu lao likageukia nchi kavu likamkuta njiani. Alirudi kwangu mbio, kichwa cheusi, kinachotembea, na nyuma yake wanawake wawili wa Kikisi waliokuwa wakiuza vyungu, wanamfuata na ungo.

"Dada, kaa tukukung'ute," mmoja alimbembeleza. "Hao wanatosha mikate miwili."

"Fundi, wafukuze hawa!"

"Tutakupa chungu," mwenzake akasema. "Kile chenye mfuniko."

Mke wa karani akafikiri. Akakaa. Nilimwosha kichwa baadaye kwa maji ya majivu na sikumwambia neno, maana alikuwa amepakata chungu.

Lakini kichwa bora kuliko vyote nilivyoshika kilikuwa cha binti wa Ngonga, Sekela. Nywele nyingi, zenye nguvu, hazikatiki hovyo. Wakati huo nilishahamia Ipinda, na kabla ya kila sikukuu alikuja na shangazi yake, akakaa kwenye kigoda bila kulalamika. Nikaona mwanangu Asajile ameanza kuniletea mkaa ambao sikumwagiza. Sikushtuka. Nimewaambia, hakuna kinachonishtua.

Mambo yakaenda haraka, wazazi wakakubaliana. Nami nikatangaza sokoni Ipinda, watu wakisikia, kwamba siku ya harusi Sekela ataingia kanisani na nywele zilizonyooka mpaka mabegani, kazi ya Gwakisa, na atakayeona mkunjo mmoja anidai mbuzi.

Shangazi yake hakukawia. "Na zikiungua," akasema mbele ya watu walewale, "ng'ombe wenu wanarudi kwenu na binti anabaki kwetu. Hatutoi bibi harusi mwenye kipara."

Nikacheka. Kesho yake nikapeleka ng'ombe.

Wa kwetu mmeshaona nilichofanya. Asiye wa kwetu nimweleze: siku ng'ombe wa mahari wanapoingia zizini kwa baba wa binti, binti na baba wa mwanamume hawaonani tena. Nikikohoa njiani, anajitupa migombani. Hatamki jina langu, hasemi nami, hapiti nilipokaa. Kwa wazungu ni ajabu. Kwetu ni heshima, na kanisa limejaribu kuilegeza likachoka. Watu wengine hupeleka ng'ombe kidogokidogo, harusi ikikaribia. Mimi niliwapeleka mapema na wote kwa pamoja, maana mimi si mtu wa kusuasua. Nilikuwa narudi nyumbani jioni, fimbo begani, ndipo nikakumbuka nywele.

Mke wangu, Mama Asajile, alikuwa amekumbuka tangu asubuhi.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Ulikuwa unaimba."

Shomari alisharudi kwao Pangani, na fundi mwingine wa koleo hakuwepo pwani yote ya ziwa. Ninyi wawili mlikuwa bado mnachunga ndama. Basi tukakata shauri hivi: Mama Asajile, ambaye sikuwa nimemruhusu hata kuligusa koleo, atakaa ndani na Sekela, mimi nitakaa nje ya ukuta na kumwelekeza. Wiki nzima akajifunza kwa kunyoosha mkia wa ndama wa jirani. Ndama alipendeza.

Asubuhi ya harusi tukaenda Ngonga. Nilikohoa tangu bondeni ili asije akakutwa uani. Nyumba yao ilikuwa ya mianzi, safi, na mianzi ina nyufa, kwa hiyo niliweka kigoda changu nje karibu na ukuta nikageuza mgongo. Baba mkubwa wa Sekela, Mzee Mwakilasa, alikuwa amekaa hapo uani na wazee wenzake, wanataka kuona jambo hilo linavyokwenda.

"Utanyooshaje usichokiona?" akaniuliza.

"Baba," nikasema, "mimi vidole vyangu vina macho. Hata nikiwa huku nje naziona nywele moja moja."

Wakaitikia kwa adabu. Nikaanza.

"Mama Asajile, jani likoje?"

"Limeungua."

"Tikisa. Sasa?"

"Zuri."

"Anza kisogoni. Fungu jembamba. Chanuo mbele."

Na nikasikia. Nywele inayonyooka ina sauti yake ndogo, kama mtu anayefunua kitabu kipya. Kisogo kizima kilikwenda hivyo, ukurasa kwa ukurasa, mpaka walipofika kando ya sikio. Hapo nikasikia sauti ya Sekela, hatua moja kutoka nilipo.

"Mama, mwulize huyo wa nje, masikio niyafanyeje?"

Nimemsikia. Lakini hakusema nami, na mimi sina ruhusa ya kumjibu. Nikangoja.

"Baba Asajile," mke wangu akasema, "anauliza masikio ayafanyeje."

"Mwambie ayakunje mbele."

"Anasema uyakunje mbele."

"Mama, mwambie ndaga."

"Anasema asante, ndaga."

Wazee walicheka, nami nilicheka pamoja nao, kisha nikatega sikio, maana kile kitabu kilikuwa hakifunuliwi tena. Nikaelewa. Kila Mama Asajile alipopitisha neno aligeukia ukutani kwangu, na kila alipogeuka mkono wake ulitulia. Koleo lilikuwa limebana nywele za mkamwana wangu, linangoja heshima iende na kurudi.

"Sogeza mkono!" nikapaza sauti.

"Unaniambia mimi au nimwambie yeye?"

"Wewe!"

"Mama, anasema nini?"

"Anasema nisogeze mkono."

"Basi sogeza, mama, panaanza kuwa moto."

"Baba Asajile, anasema panaanza kuwa—"

Harufu ikanifikia. Kila fundi anaijua: kuku anayebabuliwa manyoya. Na ndani mle, pembeni, alikuwa amekaa shangazi, mwenye neno lake la sokoni. Pumzi moja zaidi na fungu lile linabaki kwenye koleo, mwanangu anabaki bila mke, nami nachunga ng'ombe kurudi Ipinda mchana kweupe. Nikafumba macho, nikageuka, nikasukuma mkono kupita kati ya mianzi mpaka begani. Miwili ilivunjika. Nikapapasa, nikagusa paji la uso, nikagusa chuma, nikakishika, nikavuta.

Nilikishika upande wa moto. Hilo nililijua nilipokuwa nje nalo tayari.

Ndani Sekela alipiga yowe akajifunika mkeka. Shangazi akatoka mlangoni mikono kichwani. "Amemgusa! Mkwewe kamgusa!"

Wazee wakasimama, wakakaa tena, na kukaa kwenyewe kulikuwa kwa baraza.

"Sikumwona," nikasema, mkono wangu umo ndani ya ndoo. "Nilifumba macho. Muulizeni yeyote."

"Macho ulifumba," Mzee Mwakilasa akakubali. "Na mkono?"

"Mkono hauoni, baba."

"Wa wengine hauoni. Wako una macho. Umetuambia wewe mwenyewe, hapa, kabla ya jani la kwanza. Au ulikuwa unasema uongo?"

Nilifikiri. Kusema ndiyo kungeharibu jina langu kuanzia Mwaya mpaka Ipinda. "Sikusema uongo," nikajibu.

"Basi umemwona mkweo kwa macho matano. Tutakutoza kwa yote kama jicho moja, kwa kuwa ni siku ya furaha. Ng'ombe mmoja, wa kusafisha jambo hili. Afike mkononi mwa baba yake binti kabla binti hajavuka kizingiti."

Ng'ombe sikuwa naye. Wangu wote walikuwa zizini mwao, wananitazama. Na kengele ya kwanza ya kanisani ilikuwa imeshalia.

Mzee Mwakilasa akakohoa. "Mimi ninaye mmoja wa kuuza."

"Yuko wapi?"

"Yule mwekundu mwenye pembe moja."

"Yule namjua. Nimemleta mimi."

"Ulimleta. Ndugu yangu akanigawia. Sasa unamtaka au tuwaambie watu wa kanisani waende nyumbani?"

Nikamnunua. Nikamlipa Mzee Mwakilasa, nikamkabidhi ng'ombe kwa ndugu yake, na ng'ombe mwenyewe hakuinua hata mguu; aliendelea kutafuna palepale alipokuwa tangu mwanzo.

Muda wote huo Mama Asajile alikuwa ndani anamalizia nywele. Koleo nililirudisha kupitia lile tundu, mpini mbele. Hakuniuliza kitu, hakuna aliyempitishia mtu neno, na kazi ikaisha sawasawa, jambo linaloonyesha jinsi nilivyokuwa nimemwelekeza vizuri. Fungu moja tu la kando ya sikio liligeuka rangi, likawa kama chai. Halikukatika. Wasichana wa Ngonga siku hizi wanaliomba hilo fungu la chai, wanadhani lilikuwa la makusudi. Msiwafanyie.

Bibi harusi alipotoka, mimi nilishatangulizwa kwa njia ya mashamba ya mpunga. Kanisani nilikaa nyuma ya nguzo, uso ukutani. Nilisikia watu wanavuta pumzi alipoingia. Baadaye nikawakamata mmoja mmoja.

"Zilikuwaje?"

"Zililala, Fundi."

"Zililalaje?"

"Zililala tu."

Mwalimu wa misheni alisema kama maji. Mama mmoja alisema hakujua kwamba Sekela ana shingo. Hata shangazi, asiyesifu kitu, aliniambia, "Hazikuungua," akaenda zake. Nikauliza kama mabegani zilifika. Zilifika. Mbuzi hakuna aliyenidai. Alasiri mvua ya ziwa ikashuka, kama kawaida yake Kyela, na kabla wali haujaiva nywele zote zilikuwa zimejikunja, zimerudi kama alivyozaliwa nazo.

Wiki hiyo wanawake walianza kuja nyumbani kwangu, na hodi yao ilikuwa ngeni. Hawakuuliza, "Fundi yupo?" Waliuliza, "Mama Asajile yupo?" Ati mkono wa mwanamke mwenzao una huruma. Mkono wangu mimi ulikuwa bado umefungwa kitambaa. Nikaamua kustaafu, kwa hiari yangu. Koleo la tatu, lile la Mkinga, analo yeye, na Sekela huja kila baada ya wiki mbili. Nikisikia kikohozi cha mke wangu, natoka kwa mlango wa nyuma.

Basi ndiyo hayo. Kazi bora kuliko zote za maisha yangu ilikaa kichwani mwa mtu kuanzia asubuhi mpaka alasiri, ikaonwa na wazee, na watoto, na mwalimu, na mpiga kengele, na ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja. Mimi sikuiona. Ng'ombe huyo, mianzi miwili ya ukuta, na dawa ya kiganja: rupia thelathini na nne na hela kumi na tano.